Achia Kitufe, Oddlaug

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, mimineni kahawa. Leo tunamkumbuka Oddlaug Myrvang wa hapa Andenes, fundi wa redio, aliyetutoka Jumanne iliyopita. Nasema tunamkumbuka, sisemi tunamlilia. Binti yake Randi ameshanionya: "Ukipiga muziki wa huzuni, mama atafufuka akuzimie mitambo." Basi muziki huo nimeuacha kabatini.

Oddlaug alizaliwa katika nyumba ya wavuvi. Baba yake akiwa baharini, mama yake aliweka redio juu ya meza ya jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kugonga hata kijiko mpaka sauti ya baba isikike. Mtoto akakua akijua kuwa sauti ndogo inayokwaruza inaweza kumrudishia mtu hamu ya kula. Akasomea redio, akafaulu. Akaomba kwenda Ncha ya Kusini na watafiti, wakamkataa. Akaomba tena, wakamkataa tena, eti kambini hakuna mahali pa mwanamke kulala. Mara ya tatu akawajibu kwamba atakuja na hema lake. Wakaishiwa sababu.

Mkuu wa msafara alikuwa Halvard Tveito, mtaalamu wa barafu, mtu mwema lakini mkaidi. Alitoa sharti moja. Meli ikishawashusha itarudi mpaka ukingo wa barafu na kusubiri huko, mbali kabisa na macho. Jumapili saa sita mchana Oddlaug ataijaribu redio mpya: atasema maneno, na meli iyarudie neno kwa neno. Yakirudi sawasawa, wanabaki majira yote ya baridi. Yasiporudi, meli inageuza na kuwabeba wote. Nasisitiza, wasikilizaji: redio isiposikika, wote nyumbani. Na waliomkataa Oddlaug wangekuwa na la kusema mpaka kiama.

Jumamosi wakasimamisha mlingoti wa antena. Theluji ya huko haishiki vigingi, kwa hiyo Oddlaug alizichomeka wima zile mbao ndefu za kutelezea, skii, akafungia kamba za mlingoti hapo. Ukasimama imara. Wakala, wakalala.

Sasa tuambiane ukweli, maana tunajuana. Jumapili asubuhi, jua linawaka, theluji safi. Nani kati yetu angekaa ndani? Halvard alitoka na chungwa mfukoni, akaziona skii zake, akazing'oa. Kamba alizifungua kwa adabu, akidhani ni za kuanikia nguo. Nyuma yake mlingoti ukaenda chini, ukavunjika.

Oddlaug akatoka mbio.

"Halvard, hizo umezitoa wapi?"

"Si zangu hizi?"

"Najua ni zako, bwana mkubwa. Nakuuliza zilikuwa zinafanya kazi gani."

Halvard akageuka, akaona. Chungwa likamponyoka.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mlingoti wa pili hawakuwa nao. Oddlaug alikuwa na hasira za kutafuna mawe. Lakini saa sita haikumngoja, akaanza kuunyoosha ule waya chini, juu ya theluji. Halvard akamwuliza kama anaota, maana huku kwetu waya ukilala chini, ardhi inaimeza sauti yote.

"Ardhi gani?" akamjibu. "Chini yetu ni barafu, nene kama mlima, na barafu kavu haina ulafi wa udongo. Mtaalamu wa barafu ni wewe. Niambie kama naongopa."

Halvard akafikiri. "Huongopi. Ila sijawahi kuona."

"Hata mimi."

Saa sita ikafika. Aseme nini? Moja, mbili, tatu hata kiziwi angebahatisha. Oddlaug akaeleza upishi wa kababu za samaki za mama yake: samaki wa kusaga, chumvi, maziwa, wanga wa viazi, kungumanga, na kitunguu. Akamaliza. Kimya. Akarudia. Kimya. Akarudia mara ya tatu, na Randi anasema mama yake alikiri kwamba hapo alishaiona meli ikigeuza. Machozi yalimlengalenga.

Halvard alikuwa amesimama nyuma yake, skii bado kwapani. Akautazama mkono wa Oddlaug. Ulikuwa umekibana kitufe cha kusemea, vidole vimekakamaa ndani ya glovu. Na redio ile ukibana kitufe unasema tu. Usipokiachia, husikii kitu.

"Oddlaug," akamwambia taratibu, "achia kitufe."

Akaachia. Ikaingia sauti ya mwanamume, katikati ya ugomvi.

"Na narudia tena, dada yangu, kitunguu kwenye kababu za samaki ni dhambi. Kungumanga sawa. Kitunguu hapana. Unanisikia?"

Alikuwa Torleif, mpishi wa meli. Alisikia upishi ule kutoka jikoni, uzalendo ukamshinda, akampokonya mtu wa redio kipaza sauti. Baadaye mtu wa redio akayarudia maneno yote, neno kwa neno, na kitunguu chake. Oddlaug alicheka mpaka akakaa chini. Wakabaki majira yote ya baridi, na waya ukalala juu ya theluji ileile, ukifanya kazi yake.

Mwaka uliofuata Torleif alikuja Andenes kuthibitisha hoja yake. Akabaki. Akamwoa Oddlaug. Randi ni binti yao, na amekulia katika nyumba yenye sufuria mbili za kababu.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Randi, na tunampa pole mzee Torleif. Jana nilimpigia simu nikamwuliza anaendeleaje. Akasema: "Miaka yote hiyo nilimwambia kitunguu hapana. Leo nimepika. Nimetia kitunguu. Ni kitamu, na sina wa kumwambia."

Naomba tulichukue hilo na tukae nalo. Kuna mtu umemsemesha wiki nzima, umemlaumu, umemweleza, umemrudia, na unaapa kwamba hajibu. Achia kitufe. Huenda anajibu muda wote huu.