Mbao za Bwana wa Samaki

TOKIE: Haloo? Nani huyo? Ongeza sauti, niko kwenye maji.

SEIGO: Ni mimi, shemeji. Seigo. Shikamoo.

TOKIE: Marahaba. Huko Numazu, mgahawani kwako, hamjambo?

SEIGO: Hatujambo. Shemeji, nimepigiwa simu sasa hivi na yule bwana wa kampuni ya samaki. Anasema —

TOKIE: Yuko hapa. Amesimama kwenye ukingo, viatu vimelowa.

SEIGO: Anasema umemng'olea mbao zake.

TOKIE: Sikuzing'oa. Nimezitoa kwenye mlango wa maji alikoziba, nikazipanga vizuri, na sasa nimezikalia.

SEIGO: Umezikalia?

TOKIE: Ni pana. Zinanitosha.

SEIGO: Alikuwa anapima chemchemi tu. Kwa muda wa saa nne au tano hivi. Anataka kujua kama maji yatamtosha kufugia samaki wake, kabla hatujamuuzia shamba.

TOKIE: Seigo, wewe umezaliwa bonde hili. Wasabi hukaa saa ngapi bila maji yanayotembea?

SEIGO: Nilisikia leo kutakuwa na mawingu.

TOKIE: Kuna jua la mwezi wa nane. Nimefika nikakuta majani yamelala kama matambara. Ngazi mbili za juu za shamba, zile alizopanda kaka yako mwaka juzi. Tulikuwa tuzivune msimu huu.

SEIGO: Sikujua kama unashuka shambani. Siku arobaini na tisa za msiba wa kaka hazijaisha, nikadhani —

TOKIE: Ukadhani nimejifungia ndani nafukiza ubani.

SEIGO: Ndivyo mila inavyotaka, shemeji.

TOKIE: Ubani nauwasha alfajiri. Halafu navaa buti. Kaka yako Yasuhei hakuwahi kuniambia kwamba wasabi nayo hukaa msiba.

[Mtandao unakwaruza]

SEIGO: — na jina langu pia lipo kwenye hati ya shamba. Baba alituachia wote wawili.

TOKIE: Na mimi nimeshika nafasi ya kaka yako. Bila muhuri wangu kwenye hati hakuna mauzo. Muhuri uko ndani ya buti langu la kushoto. Mwambie bwana wako aje autoe.

SEIGO: Usinichekeshe. Una miaka sabini na moja. Mafuriko yakibomoa kuta za ngazi, nani atabeba mawe?

TOKIE: Wewe ulibeba lini?

SEIGO: Shemeji, watu siku hizi hawajui tofauti. Wanataka kiungo chochote cha kijani, kikali, kiwapande puani, basi.

TOKIE: Ndiyo maana unawapa wasabi ya tyubu.

SEIGO: Haloo? Haloo? Naona mtandao —

TOKIE: Unanisikia vizuri. Ule mzizi mweupe wa Ulaya uliotiwa rangi. Ndio unaowawekea wateja pembeni ya samaki.

SEIGO: Nani amekwambia?

TOKIE: Kaka yako alikula kwako mwaka jana, majani ya milimani yalipokuwa mekundu. Aliporudi nikamuuliza, chakula kilikuwaje? Akasema, samaki alikuwa mzuri. Samaki, Seigo. Wasabi hakuitaja.

SEIGO: Lakini... aliendelea kuniletea. Kila Alhamisi, kifurushi cha wasabi, kimefungwa kwa majani yake yenyewe.

TOKIE: Mpaka Alhamisi aliyoshindwa kuamka.

SEIGO: Hakuniambia neno.

TOKIE: Angesema nini? Wewe ni mdogo wake.

SEIGO: Jioni moja nahudumia watu arobaini. Ukune shina polepole, kwa kuzungusha, kwenye kibao cha ngozi ya papa, na ukali wenyewe ukae robo saa tu halafu upotee —

TOKIE: Najua unavyopotea. Wiki yake ya mwisho alitaka wali wa moto, samaki mkavu aliyeparuzwa juu yake, na wasabi katikati. Nikakuna mbele yake. Wazee wetu wanasema ikunwe na mtu anayetabasamu, mwenye hasira huikandamiza ikawa chungu. Basi nikatabasamu. Tangu nilipoanza kukuna mpaka nikamwekea bakuli, nikatabasamu.

SEIGO: Alikula?

TOKIE: Mara mbili, kwa ncha ya vijiti. Machozi yakamtoka, akasema ni kali. Na mimi yakanitoka. Nikasema ndiyo, ni kali.

[Maji yanasikika.]

SEIGO: Mpe yule bwana simu.

TOKIE: Ya nini? Akirudisha hata ubao mmoja, ataurudisha nikiwa juu yake.

SEIGO: Mpe tu, shemeji. Nimwambie akusanye vipimo vyake.

TOKIE: Na mbao.

SEIGO: Na mbao. Leo aondoke. Hayo mengine tutaongea siku ya arobaini na tisa, hapa kwangu, nimeshapanga meza —

TOKIE: Meza zipangue. Tutakula nyumbani kwa marehemu. Wewe utaleta samaki, yule wa kwanza kuliwa baada ya msiba. Na kukuna utakuna wewe, mbele ya ukoo mzima.

SEIGO: Mikono yangu imesahau, shemeji.

TOKIE: Utaanza na shina dogo. Na usije na karatasi za mauzo. Siuzi mwaka huu, siuzi mwakani. Ngazi zikifa nitapanda nyingine, na miaka miwili nitaingoja.

SEIGO: Nimekusikia.

TOKIE: Simu inalia, chaji inaisha. Wewe bwana, hebu sogea, shika simu, ni yako. Si huko, pita hapa kwenye jiwe. Seigo, mwambie haraka, na useme kwa nguvu. Maji yamerudi, yana kelele.