Noela Albano Nandonde, Sauti ya Meza ya Mazimwi

Ndugu waombolezaji, wasifu huu unasomwa na kaka wa marehemu, Benjamin Albano Nandonde. Walioshika kijitabu cha ibada wataona kuwa kilichochapwa humo ni kama nusu ya kitakachosomwa hapa. Familia inaomba uvumilivu wenu. Sababu itaeleweka.

Marehemu Noela alizaliwa tarehe 25 Desemba 1983 mjini Masasi, mkoani Mtwara, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Albano Nandonde, mchonga vinyago, na Mama Filomena. Kwa siku aliyozaliwa, jina halikuhitaji kikao. Mwaka 1990 familia ilihamia Dar es Salaam ikapanga vyumba viwili Tandale, jirani na soko, na baba akapata nafasi ya kuchongea Mwenge.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tandale kuanzia mwaka 1991 hadi 1997. Mwaka uliofuata alirudishwa Mtwara, kwenye sekondari ya bweni ya masista, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001. Katika maktaba ya shule hiyo kulikuwa na boksi la vitabu vya Kiingereza vya msaada, vya zamani, vingi havina jalada. Zilikuwa hadithi za kubuni za falme ambazo hazijawahi kuwepo, zenye mazimwi, wachawi na mapanga yenye majina. Wenzake hawakuwa na subira ya kufungua kamusi kila mstari, hivyo yeye alisoma, na Jumamosi wakifua nguo aliwahadithia kwa Kiswahili. Kitabu kimoja kilikuwa kimenyofolewa kurasa za mwisho. Noela akatunga mwisho wake mwenyewe, na bweni zima likaenda likizo likiamini kuwa malkia alirudi nyumbani kwa miguu. Miaka kumi na mbili baadaye alikipata kitabu kile kizima kwa wauza vitabu vya mtumba, akakisoma hadi mwisho, akamwambia mama yake, "Kumbe wamemuua. Wangeniuliza kwanza."

Alichukua cheti cha ukutubi Bagamoyo mwaka 2003, na kuanzia 2004 alitunza maktaba ya chuo kimoja binafsi huko Temeke. Mwaka 2016 chuo kiliamua kuwa wanafunzi wana simu na hawahitaji tena vitabu. Noela akafungua duka la steshenari Sinza. Alitoa kopi, aliandika barua za kuomba kazi, na wengi mliopo hapa mnajua kuwa aliandika na kuchapa wasifu wa marehemu wenu. Kila aliyefika na karatasi yenye tarehe na majina aliulizwa swali moja ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Alikuwa anapenda nini?" Wengine walikaa pale kwenye kiti cha plastiki wakashindwa kujibu. Wengine walilia kwa mara ya kwanza tangu msiba utokee.

Tarehe 9 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Bwana Isack, fundi wa majokofu. Walijaliwa mtoto mmoja, Bernadeta, aliyezaliwa mwaka 2012. Isack hakuwahi kumaliza hata kitabu kimoja cha mke wake. Lakini Noela alipotaka chumba cha nyuma cha duka kiwe kimya, kwa kuwa jirani yao alikuwa mchomelea mageti, Isack ndiye aliyebeba magodoro mawili ya zamani akayapigilia ukutani.

Chumba kile kilikuwa cha kurekodia. Mwishoni mwa mwaka 2017 Mwalimu Fakihi, anayefundisha jiografia Temeke, alifika dukani kuchapa mtihani, akaona kitabu juu ya kaunta na kusahau mtihani wake kwenye mashine. Naye alikuwa ameisoma hadithi ile akiwa kidato cha pili, na hakuwahi kupata mtu wa kuizungumza naye. Jumamosi tarehe 3 Machi 2018 wakatoa kipindi cha kwanza cha podikasti yao, kipindi cha kusikiliza kwenye simu, wakakiita Meza ya Mazimwi. Walitoa kipindi kila baada ya wiki mbili: kimoja walijadili kitabu cha zamani. Kilichofuata walicheza. Mchezo wenyewe, kwa wasioujua, ni watu kukaa mezani, kila mmoja akajifanya mtu fulani, askari, mganga au mwizi, mmoja anaongoza hadithi, na penye shaka wanarusha dadu kuamua. Dadu ya pande ishirini haikupatikana Kariakoo. Mzee Albano, wakati huo akiwa na miaka sabini na moja, akamchongea binti yake moja ya mpingo. Haikuwa sawasawa. Ilipenda kuangukia saba, na Fakihi alilalamika hewani mara nyingi kuwa anacheza na dadu ya ukoo. Mzee alifariki mwaka 2019, na kipindi cha wiki ile kilikuwa dakika moja tu, Noela akitaja jina la baba yake na kazi yake.

Wasikilizaji hawakuwa wengi. Kipindi kilichosikilizwa sana kilifika watu mia tisa. Lakini waliandika. Kuna dereva wa malori wa Tunduma aliyekuwa akituma maoni marefu kuhusu vita vya kwenye vitabu, na kuna nesi wa Kitanzania aliyeko Muscat aliyeandika kuwa siku nyingi hicho ndicho Kiswahili pekee anachokisikia.

Habari za vitabu na za chumba kile hazimo kwenye kijitabu, wala hizi zinazofuata.

Katika kipindi cha sabini na nne, Noela aliongoza mchezo na kuigiza sauti ya malkia mchawi anayeishi chini ya mlima. Kwa sauti nzito alisema, "Nipe jina lako, nami nitakupa miaka mia." Wachezaji wenzake wakacheka. Mtu alikata sekunde arobaini za sauti ile, bila kicheko. Jumapili tarehe 18 Aprili 2021 kipande hicho kikatumwa kwenye grupu la jumuiya yetu ya Sinza, ambamo Noela hakuwemo, kikiwa na maneno haya: "Tuwaombee ndugu zetu wanaochezea giza." Hakikutaja jina la Noela. Jina halikuhitajika. Noela alikuwa amesoma somo la kwanza kwenye misa kwa miaka tisa, na hakuna aliyekuwa hajui sauti yake.

Wiki hiyo alipigiwa simu akaambiwa apumzike kidogo kusoma. Hakuitwa tena. Asubuhi moja alikuta chumvi imemwagwa mlangoni pa duka. Wateja walipungua, hasa wa wasifu. Bernadeta, akiwa darasa la nne, alirudi nyumbani akauliza kama ni kweli mama yake ana jini. Fakihi alishauri wasimame kwa muda.

"Sista, tupumzike hata miezi miwili," alimwambia. "Hii ishu ipoe."

"Nikinyamaza leo watasema ilikuwa kweli," Noela akajibu. "Wewe pumzika ukitaka. Mie Jumamosi nipo."

Fakihi hakupumzika. Walifika kipindi cha mia moja themanini na sita. Noela aliendelea kuja misani, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wakati wa kupeana amani baadhi ya mikono haikumfikia. Hakubishana na mtu. Ila Mwalimu Fakihi anasema sauti ya malkia mchawi hakuiigiza tena, na wasikilizaji walipoiomba alisema ameisahau.

Aliyetuma kipande kile, kama waliomo kwenye grupu lile walivyoona, ni kaka yake, Benjamin, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa jumuiya. Kazini kwake mtu alikuwa amemuuliza kwa utani kama dada yake ndiye yule wa mazimwi. Aliona aibu. Alitaka watu wajue kuwa yeye hayumo. Hakufikiri zaidi ya hapo, na alipoona moto umewaka alinyamaza, akaendelea kwenda kula kwa dada yake Jumapili kama kawaida.

Agosti 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Kuanzia Januari 2024 alikuwa akisafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Isack alipokuwa kazini, Benjamin alimpeleka kwa gari lake. Zilikuwa safari nyingi. Walizungumza habari za mama, za Bernadeta, za baba. Noela alikuwa akichoka baada ya matibabu, lakini akiwa na nguvu alimsimulia kaka yake vitabu, na kaka akagundua kuwa anazipenda hadithi zile, na hilo likamwongezea uzito moyoni.

Ijumaa tarehe 29 Agosti mwaka huu, walipokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu yake, saa mbili asubuhi, kaka alimwambia.

"Noela, ile sauti ya kwenye grupu. Ni mie niliyeituma."

"Najua, kaka."

"Umejuaje?"

"Mama alinionyesha simu yake jioni ileile. Jina lako lilikuwa pale juu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilijiambia, siku akisema nitamjibu."

"Basi nijibu."

Alimtazama kaka yake. Alikuwa na kitenge begani, akakivuta vizuri kama mtu anayejiandaa kuanza jambo refu. Nesi akaita jina lake.

"Nikitoka," akasema.

Alitoka saa saba mchana akiwa hoi, akalala garini kabla hawajafika barabara kuu. Kaka yake hakumwamsha. Jumatatu iliyofuata hali ilibadilika akalazwa, na tangu hapo chumbani palikuwa na watu kila mara, au alikuwa usingizini. Marehemu Noela alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na mume wake na mama yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Kwenye kikao cha familia juzi Jumatano ilishauriwa kwa nia njema kwamba wasifu useme marehemu alikuwa mfanyabiashara na mcha Mungu, uishie hapo, ili msiba usizue maneno. Kijitabu kikachapwa hivyo. Mama Filomena alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Aliomba asomewe. Aliposomewa, alisema, "Huyo simjui. Someni habari za mwanangu."

Basi ijulikane kuwa Noela Albano Nandonde hakuwa na jini. Alikuwa na vitabu mia mbili na kumi na tatu, kinasa sauti kimoja na rafiki mmoja wa kweli mezani pake. Alipenda hadithi za mahali ambapo hajawahi kufika mtu, na alitaka zisikike kwa Kiswahili. Kama kuna aliyemwaga chumvi na yupo hapa, familia haimtafuti. Aliyeanzisha ndiye anayesoma.

Mwalimu Fakihi anasema kipindi cha mia moja themanini na saba kimerekodiwa nusu. Sauti ya Noela inakomea katikati ya sentensi, kwa kuwa siku hiyo alishikwa na kichefuchefu wakasimama. Wameafikiana na Isack kwamba kitatolewa Jumamosi ijayo kama kilivyo, na sentensi hiyo haitakatwa wala kumaliziwa na mtu.

Marehemu ameacha mume, Isack, mtoto, Bernadeta, wa kidato cha kwanza, mama, Filomena, shemeji na wapwa, Mwalimu Fakihi na wenzake wa mezani, wasikilizaji wa Tunduma, Muscat na kwingineko, ambao baadhi yao wamesafiri wakafika na wamesimama pale nyuma. Na kaka mmoja.

Bwana alimleta siku ya kuzaliwa kwa Mwanawe, na Bwana amemwita. Alale kwa amani dada yetu, na pasiwe na mtu anayemdai jibu.