Makala Iliyonukuliwa Kupita Zote

Muuguzi aliyekuwa ametoka zamu alitaka kusinzia garimoshini, lakini watafiti wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. “Profesa, tuifute ile makala ya dawa ya kifua kikuu,” alisema mwanamke, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba mara nyingi. “Friji ilizimika, sampuli zikaharibika. Dozi tuliyoipendekeza haifai.”

“Binti yangu, imenukuliwa mara mia nne! Makala zako nyingine zote hazifiki hamsini.”

“Wanainukuu kutukosoa!”

“Kamati ya vyeo haisomi, inahesabu. Pata uprofesa kwanza, ukweli utausema baadaye.” Muuguzi alidhani ni utani, lakini profesa hakucheka.

“Na wagonjwa je?”

“Usinichoshe bwana! Hospitali gani inafuata makala?”

Usingizi ukamruka muuguzi. Garimoshi liliposimama, profesa alisema watazungumza kamati ikishakaa, akashuka bila kuaga. Muuguzi naye alikuwa amefika kwao, lakini hakushuka. Alimgusa mwanamke begani. “Samahani, dada,” aliuliza, “hiyo dozi ni ya vidonge vingapi?”