Mshikio wa Kaa

Sogezeni viti, wanangu, wewe binti yangu upande huu wa sikio zima, na wewe mdogo wake funga hilo dirisha la barabarani, maana pumzi niliyobakiza ni ya kusemea mara moja tu, na sitaki kushindana na honi za watu. Msinikatize. Mkitaka kulia mtalia baadaye, nafasi mtaipata.

Ya mali nayamaliza kwanza kwa kuwa ndiyo mepesi. Nyumba hii ni yenu wawili, msiigawe kwa ukuta. Karakana ni ya binti, ambaye tangu mdogo alishika spana bila kuombwa. Vitabu vyangu na saa ya marehemu mama yenu ni vya kijana. Anabaki Kaa, na huyo Kaa ndiye aliyenifanya niwaite.

Mnamjua kwa picha ya ukutani na kwa vumbi lake kule nyuma: pikipiki iliyolala chini karibu iguse lami, na ubavuni kibao chenye gurudumu la tatu. Mama yenu alikuwa dereva. Mimi nilikuwa mzigo, na watu waliniita hivyo hivyo, Mzigo, mpaka barua zikawa zinafika kwa jina hilo. Kwenye kona ya kushoto nilijitupa nje juu ya gurudumu la tatu ili lisinyanyuke, kichwa changu shubiri moja kutoka barabarani. Kwenye kona ya kulia nilijibwaga nyuma ya mgongo wake. Na wakati wote nimeng'ang'ania mshikio mmoja wa chuma, mnene kama kidole gumba, ambao mjomba wenu aliuchomelea kwenye kibao kwa mkono wake mwenyewe. Wanaume wenzangu walinicheka kwamba naendeshwa na mke wangu. Niliwaambia wanitajie wao waliwahi kufika wapi kwa kasi ile.

Na ile injini, jamani! Siku zile kila mtu alikuja na maajabu yake, huyu kafunga injini mbili kwa mnyororo mmoja, yule kaleta gari la magurudumu matatu lenye umbo la yai. Mjomba wenu yeye alianza na injini ya kusukumia maji machimboni, nzito, valvu zake za kupitishia hewa ziko ubavuni kama zilivyokuwa injini za kale, inakohoa kuliko mvuta tumbaku. Akapanua silinda. Akahamishia valvu juu, kama walivyofanya mafundi wa mashindano walipotaka injini ipumue vizuri. Akayeyusha sufuria tatu za mama yake, mbili kwa ruhusa na moja kwa wizi, akapata pistoni nyepesi hata ukiiweka kiganjani unaisahau. Siku ilipowaka mara ya kwanza, mama mkwe alitoka jikoni akasikiliza, akasema, "Basi hiyo ndiyo sufuria yangu ya wali inayopiga kelele."

Sasa sikilizeni vizuri. Mmekua mkiambiwa kwamba tulishindwa mashindano makubwa kwa sababu mshikio ulikatika nikaanguka, na kwamba mjomba wenu aliuchomelea vibaya, kwa moto usiotosha. Mlimwita Mjomba Moto Mdogo, mkacheka. Utani huo niliuanzisha mimi, mezani hapo, naye yupo.

Mshikio haukukatika. Niliachia.

Tulikuwa tunaongoza, tumebakiza mizunguko miwili. Mbele kuna kona ya kushoto, na pembeni yake ukuta wa kiwanda cha matofali, na chini ya ukuta amelala mzigo wa timu nyingine, mtu niliyekunywa naye chai asubuhi ile, amefunikwa koti. Wewe binti yangu ulikuwa na wiki mbili. Usibebe hilo, hukuniomba chochote. Nasema tu nilichokiona. Mama yenu alipopunguza mwendo kuingia kona, vidole vyangu vikafunguka, nami niliviacha vifunguke. Nikabingirika kwenye mchanga. Gurudumu la tatu likanyanyuka, Kaa akayumba hadi nikafumba macho, lakini yule mwanamke alimtuliza, akapita ule ukuta akiwa mzima. Halafu akageuza. Wote wanampita, umati unapiga kelele aendelee, yeye anarudi kunifuata, na alipofika aliinama akaushika ule mshikio, akautikisa, akauona mzima. Akanitazama. "Umeumia?" "Hapana." "Panda."

Hakuuliza tena mpaka anakufa. Aliniambia mara moja tu, "Kaka yangu utamwambia wewe. Mimi sitakusemea." Akanisubiri. Nilimchelewesha mpaka tukamzika.

Maana siku ile ile, saa nane mchana, wao wakiwa mezani kwa waamuzi, niliingia hemani kwetu, Kaa alikoegeshwa, nikachukua nyundo. Aibu, wanangu, inampa mtu nguvu asizokuwa nazo. Alikuwepo mwenye timu kubwa aliyekuja kumtazama mjomba wenu ili ampe karakana nzima ya injini za mashindano. Akakiangalia kile chuma kilichovunjika, akakirudisha mezani, akaondoka bila kuaga. Mjomba wenu hakuunda injini nyingine. Ametengeneza mageti na vitanda miaka arobaini na moja, na wateja wananung'unika kwamba kila kiungo anakigonga kwa nyundo kabla hajakitoa. Mnajua sasa kwa nini.

Leo asubuhi nilimwita, nikamwambia, "Shemeji, ule mshikio niliuvunja mimi."

Akavuta kiti akakaa. Kisha akauliza, "Kwa nyundo gani? Ile ndogo?"

"Ile kubwa."

"Ulipiga mara ngapi?"

"Kumi na moja. Saba za kwanza nyundo ilinirudi ikaniumiza kiwiko."

Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli. "Kumi na moja," akasema. "Na ile kubwa! Miaka yote nimelala nikijiuliza moto niliukosea wapi." Akasimama, akashika kitasa. "Sijakusamehe, shemeji. Nipe mpaka jioni nifikiri. Lakini ahsante kwa kuniambia idadi."

Yuko nyuma huko, na Kaa.

Basi haya ndiyo ninayowaagiza. Kaa ni wake kuanzia leo. Wale wa jumba la makumbusho wakija tena, aamue yeye, na wakimchukua, jina la kwanza kuandikwa liwe la fundi, la pili la dereva. Kila mliyemsimulia habari ya ule mshikio, mrudieni mumsimulie upya, hata wajukuu, hata majirani. Msinipunguzie.

Na msidhani nakufa kwa huzuni. Nimeshukuru... niinueni kidogo... nimeshukuru kila siku. Baada ya siku ile tulikimbia miaka minne mingine, hatukushinda hata mara moja, na mama yenu kila asubuhi alinipigia kibao kile kwa kiganja, panda, kana kwamba sijawahi kushuka. Nimeishi na mtu wa namna hiyo. Mungu awape wa kuwageukia barabarani, watu wote wakiwapita. Awape na nyinyi moyo wa kugeuza.

Jioni... sijui kama nitaiona. Ikinipita, msimdai mjomba wenu jibu. Akisema amesamehe, mshukuruni. Akisema hapana, mshukuruni vile vile, mumpe chai. Msinitetee.

Mto... hivyo, sawa. Mikono yenu nimeibariki, yote minne. Sasa niacheni nipumzike. Yule mzee yuko peke yake huko nyuma. Nendeni mkakae naye. Nendeni wote wawili.