Mama Vizimba, Aliyewatunza Panya wa Uboho

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imeona vyema marehemu aelezwe kama alivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Vizimba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, akitamani uuguzi, lakini baba aliumia mgongo na ikambidi atafute kazi.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuosha vizimba katika maabara ya utafiti wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, akapanda hadi kuwa mtunza panya mkuu. Panya wale walinyweshwa dawa ya kuzuia maambukizi iliyotiwa kwenye maji yao, wakapigwa mionzi ya kuua uboho wao, kisha wakadungwa mkiani uboho wa wenzao wazima, na marehemu ndiye aliyewapima uzito kila asubuhi, na ole wako upige kelele chumbani mwake. Aliyemuuliza kama hawaonei huruma alijibiwa kwamba huruma ndiyo iliyomweka pale.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi majokofu, aliyekuja kutengeneza jokofu la maabara, akarudi mara tatu ilhali jokofu lilishapona. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1987, 1990 na 1994, nao mawifi wakazoea kumtania kwamba kaka yao ameoa paka asiyekula panya.

Mwezi Juni 2003 panya walianza kufa kwa makundi siku chache baada ya mionzi, daktari mkuu akaamini uboho haushiki, na ikasemwa utafiti wa miaka sita ufungwe. Marehemu alitia alama ya kalamu kwenye chupa za maji, kesho yake maji hayakuwa yameshuka hata ukucha, akajua kuwa panya wameyasusia kwa uchungu wa dawa mpya ya maambukizi iliyoanza kutiwa humo. Mumewe alimsihi anyamaze, kwa kuwa chupa zile alizibadilisha yeye kila siku na lawama ingemwangukia, lakini siku ya tatu akaingia ofisini kwa daktari mkuu akasimama.

"Daktari, hawa wanaingia kwenye mionzi wakiwa na kiu na bila dawa mwilini, na chupa nilizibadilisha mimi bila kuangalia."

Daktari akamvutia kiti. Wakatia sukari kidogo kwenye maji yale, wakaanza kuwazoesha panya wiki nzima kabla, na asiyekunywa hakupelekwa kwenye mionzi. Kati ya arobaini waliofuata walipona thelathini na sita. Barua ya onyo alipewa, akaitunza pamoja na vyeti vyake, akiwaonyesha wanawe bila haya. Alistaafu tarehe 30 Aprili 2021.

Mwezi Agosti 2023 miguu ilianza kuvimba, vipimo vikaonyesha moyo umepanuka, akalazwa mara nne, na tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kufua tulipokuwa hatujui hata siku ya wiki, na wafanyakazi wenzake waliojaa hapa leo. Kuna wawili ambao hamtawaona, wamebaki zamu maabara, kwa kuwa wanyama hawajui msiba na lazima wanywe. Hao tunawashukuru zaidi, maana wangekuja wote, marehemu angewafukuza.

Mama, umechoka kwa haki. Lala kwa amani.