Kumgeuza Mgonjwa ni Kazi ya Wawili

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wa meza kuu, daktari wetu wa zahanati, viongozi wa mtaa, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi kinamama wenzangu mliopangwa safu ya nyuma kwenye sherehe iliyo yenu: habari za mchana.

Nimeombwa nishukuru kwa niaba ya kinamama wanaohudumia wagonjwa majumbani, na nikaombwa nishukuru kwa kifupi. Nitajitahidi. Mshereheshaji ametuita malaika, mkapiga makofi. Asante, baba, lakini malaika hawaumwi viuno.

Kwa wasioijua kazi yetu, niieleze. Mtu akilala kitandani asiweze kujigeuza, ngozi ya mgongoni na nyongani huanza kuoza angali hai. Dawa yake ni kugeuzwa ubavu huu, baadaye ubavu ule, kutwa nzima, aoshwe, akaushwe, shuka livutwe lisibaki na mkunjo. Na kumgeuza ni kazi ya wawili: mmoja ashike bega, mwingine nyonga, waende pamoja. Ukiwa peke yako unamburuza, na ukimburuza, ngozi inabaki kwenye shuka.

Mwenzangu wa upande wa nyonga ni mama fundi cherehani wa pale kona ya sokoni, yule mnayemwita Spidi. Wengi mnamjua kwa mdomo wake. Ndiye aliyetuwekea utaratibu: tukiingia chumbani, ndugu wote nje, mlango ufungwe. Alikuwa akimwambia mtoto wa mgonjwa, "Toka, mwanangu. Huyu alikuogesha wewe, hataki umwone akiogeshwa. Nenda kazini kwako, sisi tupo." Nani angebisha? Wagonjwa walitushukuru kwa machozi, maana tuliwasitiri. Lakini niulize, waheshimiwa: miaka yote hiyo ya kufunga mlango, ni nani aliyekuwa anajifunza? Mtaa mzima unajua kwamba mgonjwa hugeuzwa, na hakuna anayejua anageuzwaje.

Leo Spidi hayupo hapa. Mshereheshaji amesema ana udhuru. Hana udhuru, amepooza. Kiharusi kilimpiga akiwa kwenye cherehani yake, na tangu hapo amelala chumba cha nyuma ya duka, na mimi ndiye ninayemgeuza, peke yangu. Mtasema, si uwaite wenzako? Wenzangu hawa mnaowaona wamebaki wachache, kila jozi ina wagonjwa wake, na nikimchukua mmoja kwa ajili ya Spidi, kuna mgonjwa mwingine ataburuzwa. Nimchague nani aburuzwe?

Mwanawe, seremala, mwenye mabega ya kubeba mlango mzima na fremu yake, yupo pale pale. Nikiingia anainuka, anatoka, anafunga mlango kwa adabu, kama mama yake alivyoufundisha mtaa. Juzi nilimwita, nikamwambia, "Baba, njoo unisaidie, bega tu." Akaweka mguu mmoja ndani. Spidi, ambaye siku hizi maneno yanamtoka nusu nusu, hilo moja likamtoka zima: "Nje!" Yule kijana akarudi nje, nikamsikia akilia nyuma ya mlango, na mimi nikamburuza mama yake.

Kidonda kimeshatokea. Asubuhi ya leo nilipokiosha niliona kitu cheupe, kigumu, ndani yake, na daktari wetu hapa anajua ni kitu gani. Nilimwambia Spidi kwamba nakuja kumpokelea cheti mnachotupa leo. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Bora shuka."

Sisemi haya kuwaharibia sherehe. Vyeti ni vizuri na fremu zinang'aa. Lakini nimekata tamaa, waheshimiwa, na sioni haya kulisema hilo kwenye kipaza sauti. Kila mara tukiitwa mbele ya watu naomba mabinti waje wajifunze. Wanaitikia, wanapiga picha na sisi, wanatukumbatia, kisha kazi ikianza hatuwaoni. Siwalaumu. Wana vibarua, wana watoto, na harufu ya chumba cha mgonjwa haizoeleki upesi. Ila Spidi akienda, ninayefuata ni mimi, na mimi nani atanigeuza? Na wewe, mama uliyekaa mbele na mkufu wako mzuri, wewe nani atakugeuza?

Saa ya kumgeuza imefika, kwa hiyo mniwie radhi, sitabaki kwa chakula. Namhitaji mwanamke mmoja. Hata kama hajui lolote, nitamweleza njiani, na Spidi atamtukana kidogo, asijali.

Hakuna?

Naona vichwa vimeinama. Sawa. Nitapita hapa katikati ya viti, na kwa magoti haya nitapita polepole, atakayebadili mawazo atanikuta kabla sijafika getini. Mheshimiwa mgeni rasmi, asante kwa kuja. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu. Mimi nilikuja kuomba mikono.