Kiatu Kimoja Dirishani

Nyuma ya gereji za Kisenyi, Kampala, kwenye baraza ya duka la viatu, kulikuwa na benchi refu la mbao ambalo halikukaa tupu tangu kahawa ya asubuhi hadi adhana ya magharibi. Miaka ile ya utawala wa jeshi sukari ilikuwa hadithi ya kuwasimulia watoto, kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu, tangawizi ikitiwa kwa wingi ili mtu asahau kilichokosekana. Muuzaji wa kahawa alikuwa Kamis, wakimwita Birika, mtu mwenye methali kwa kila jambo na mara nyingi methali isiyolihusu jambo lenyewe. Opoka, polisi mstaafu, aliitwa Stetimenti, kwani hata ukimsalimia alitaka urudie polepole, kama anayeandika maelezo kituoni. Katembo, fundi cherehani kutoka Kongo, aliitwa Vipimo, maana hakupita mtu mbele yake bila kupimwa kiuno kwa macho. Na ndani ya duka, nyuma ya kioo kikubwa, alikaa Acayo, mke wa polisi wa kambi ya Nsambya. Jumatatu moja Acayo alitoka akaketi nao, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

— Dada, umeingiwa na nini? — Kamis alimuuliza akimmiminia kikombe.

— Afande amekuja.

Wote walijua Afande gani. Wahindi walipofukuzwa nchini, duka lilipewa mwanajeshi mmoja mkubwa, naye akamweka Acayo aliangalie, kwa kuwa mumewe Onen alimjua.

— Amesema duka limekufa — Acayo aliendelea. — Amesema zamani watu walikuwa wanasimama hapa nje na watoto wao, wanaangalia kioo mpaka wanasahau njia ya nyumbani. Anarudi Jumamosi. Anataka akute watu wamesimama.

— Na wasiposimama?

— Ameuliza kama Onen anapenda kukaa Nsambya, au angependa zaidi mpakani.

Hakuna aliyecheka. Si wote waliopelekwa mpakani siku zile waliorudi.

— Kale, sawa — alisema Opoka, akijiweka sawa kama yuko kaunta ya kituo. — Ndani una nini?

— Viatu vya kushoto.

— Rudia polepole.

— Viatu vya kushoto, muzee. Yule Mhindi mwenye duka alikuwa anapanga vya kushoto kwenye rafu, vya kulia anafungia stoo, mwizi asipate jozi. Siku ya vurugu, Wahindi walipoondoka, watu walivunja stoo wakabeba vyote. Vya rafu hawakugusa.

— Banange! — Kamis alishika kichwa. — Basi kuna mtu huko ana miguu miwili ya kulia!

— Cheka tu — alisema Acayo. — Mimi nataka kujua kitu kimoja. Mtu anasimama mbele ya kioo kwa nini?

Aliuliza kwa hofu, lakini swali lilipotoka mdomoni lilimshika yeye mwenyewe. Siku zote alikuwa akitazama watu wakipita nje ya kile kioo, na hakuwahi kujiuliza macho yao yanatafuta nini.

— Hiyo rahisi — alisema Kamis. — Haba na haba hujaza kibaba. Jaza! Mtu akiona vitu vingi anasema, hapa pameshiba.

Wakajaza. Jumanne asubuhi Acayo alipanga viatu dirishani kuanzia chini hadi juu, vya kike na vya kiume, vya mikanda na vya kamba, akaongeza makopo ya rangi ya viatu na mabeseni mawili. Wakaketi kungoja. Watu walipita. Mama mmoja aligeuza shingo, akajitazama kitambaa cha kichwa kwenye kioo, akaenda zake.

— Amejiangalia mwenyewe — alisema Acayo.

— Kwa sababu hiyo si dirisha, ni stoo — Katembo alijibu. — Mama Acayo, sikia. Kiatu kikikaa hivyo kimelala. Nani anaangalia mtu mwenye kulala? Kwetu, fundi hatundiki nguo zote. Anatundika moja, ile moja inamwita mtu.

— Hapana — alisema Opoka. — Mimi nimelinda benki miaka mingi, hakuna aliyeangalia benki. Siku tulifunga kamba nje ya kinyozi, kulikuwa na fujo kidogo tu, Kampala mzima ilikuja. Mtu anaangalia kitu amekatazwa. Funga kamba.

— Tukifunga kamba watakuja na bunduki — alisema Acayo.

— Lakini watakuja.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza — Kamis alidakia. — Hivi vya kwetu ni vibaya, si ndiyo? Basi vitembee! Tufunge uzi, mimi nikae huku navuta, kiatu kinatembea peke yake dirishani. Wallahi watakuja hata watu wa Kabalagala!

— Watasema uchawi.

— Uchawi pia ni wateja.

Jumatano walijaribu uzi. Kiatu kilianguka kifudifudi, na mtoto aliyepita mgongoni mwa mama yake ndiye pekee aliyekiona. Alhamisi Opoka alitaka Katembo aingie dirishani akae kimya, bila kupepesa, watu wabishane kama ni sanamu au mtu. Katembo alisema ametoka Kongo akitafuta mahali ambapo hatatazamwa.

Acayo aliwaacha wakibishana akaingia ndani. Alikuwa amewatazama wapita njia siku tatu, na kitu kimoja kilikuwa kimeanza kumwingia akilini: jicho la mtu halina subira. Likikuta vingi linateleza. Akaondoa kila kitu dirishani, viatu, makopo, mabeseni, akafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa. Akachagua kiatu kimoja cha kike, cheusi, chenye kifungo cha shaba ubavuni. Katembo alimpa kipande cha bitana nyekundu kilichobaki kwenye koti la mtu. Akakitandaza juu ya kisanduku, akakiweka kiatu pale, ubavu wenye kifungo ukielekea barabarani.

— Kama mshitakiwa kizimbani — alisema Opoka, lakini kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe hakuondoa macho.

Ijumaa watu walisimama. Si wengi. Wasichana wawili wa shule waliweka paji la uso kwenye kioo. Muuza mkaa alitua gunia lake akapumzika palepale. Kila aliyesimama alimsimamisha mwingine. Acayo akaona raha ambayo hakuitegemea, kama mtu aliyefungua kufuli bila ufunguo.

Kisha akaja mwanamume mmoja mrefu mwenye kofia. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu mno. Akainama, akatazama kifungo, akatazama kisigino. Akatazama jina la mtaa. Hakuuliza chochote, hakusalimu benchi, akaondoka kwa haraka.

Kahawa ikapoa mikononi.

— Yule si mteja — Kamis alinong'ona.

— Mteja anauliza bei — alisema Opoka. — Yule amesoma mahali. Watu wa kusoma mahali, wapelelezi, mimi nawajua.

— Toa kile kiatu, mama — alisema Katembo. — Leo leo. Tukuwe kama duka lingine.

Acayo aliingia akakishika. Siku zile mtu angeweza kuchukuliwa kwa sababu ndogo kuliko kiatu. Lakini akifikiria Jumamosi bila watu nje, alimwona Onen akipanda lori. Akakirudisha juu ya bitana, akakigeuza kidogo kama kilivyokuwa, akafunga mlango akaenda nyumbani Nsambya. Hakumwambia mumewe neno.

Jumamosi yule mwanamume alirudi, na safari hii alikuwa na gunia begani. Aliweka gunia chini, akavua kofia.

— Salaamu. Mimi Odur, hamali wa reli. Mwenye duka ni nani?

— Mimi ndiye ninayeangalia — alisema Acayo.

Odur akafungua gunia akatoa kiatu cheusi cha kike chenye kifungo cha shaba. Cha kulia.

Acayo alikimbilia dirishani. Akaviweka viwili pamoja juu ya benchi. Rangi moja, kisigino kimoja, namba moja.

— Kuna watu walinibebesha mizigo siku ile ya vurugu — Odur alieleza. — Pesa hawakunipa, walinipa gunia. Nikasema, mke wangu atanipenda leo. Kufika nyumbani, vyote vya kulia! Tangu siku ile akikasirika ananiita Bwana Mguu Mmoja. Jana napita, naona mwenzake amekaa pale kama bibi harusi. Usiku mzima sikulala.

Kamis alicheka mpaka birika likamwagika. Katembo akaanza kupima nyayo kwa utepe. Wakamwaga gunia juu ya benchi, Acayo akaleta vya rafu, wakaanza kuoanisha. Kila jozi ilipokamilika mtu alipiga kelele, na kila kelele ilileta mtu. Wapita njia walijaa barazani, waliokuwa nyuma wakiuliza waliokuwa mbele kama ni chumvi au ni sabuni.

Gari la Afande lilisimama kando ya mtaro.

Umati ukafunguka bila kuambiwa. Afande alikuja polepole, fimbo chini ya kwapa, akatazama dirisha lenye kitambaa chekundu, akatazama watu, akatazama gunia tupu miguuni pa Odur.

— Huyu nani?

Odur alisukuma gunia nyuma kwa kisigino.

— Mteja, Afande — alisema Opoka. Hakuombwa arudie polepole.

Afande aliinama juu ya benchi, akachagua jozi ya kiume ya ngozi ya kahawia, akavua buti zake, akajaribu. Vilimkaa. Akatembea hatua chache barazani, akajitazama kwenye kioo.

— Hili sasa ni duka — alisema. — Acayo, mwambie Onen nimemsalimia. Akae huko huko Nsambya.

Akaingia garini amevaa vile vipya, dereva akibeba buti. Bei hakuuliza. Acayo alishika nguzo ya baraza, akacheka na kulia kwa pamoja, na watu wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja.

— Niliwaambia, kiatu kimoja! — Katembo alisema.

— Ni ile shaka, kama kamba ya polisi — alisema Opoka.

— Ni kahawa yangu — alisema Kamis. — Mguu hufuata pua. Mwenye macho haambiwi tazama, anaambiwa nusa!

Katikati ya kelele hizo, mwanamke mmoja aliyevaa sare ya wafagizi wa hospitali alipenya hadi kwenye benchi. Hakuna aliyemjua. Baadaye walisikia anaitwa Laker. Alikuwa ameshavaa ile jozi nyeusi yenye vifungo vya shaba, akasimama nayo akijipima, uso umemng'aa.

— Hivi navitaka — alisema. — Ni vya nani, nimlipe?

Odur alimtazama Acayo. Acayo alimtazama Odur, kisha akatazama barabara alikopotelea Afande na miguu mipya. Macho yake yakapanda juu ya mlango, ambapo rangi ya serikali ilikuwa imepakwa juu ya jina la yule Mhindi, na jina lilikuwa bado linaonekana chini yake, herufi kwa herufi. Akafungua mdomo.

— Ni vya…

Opoka, ambaye maisha yake yote aliuliza watu swali hilohilo, aliangalia chini. Katembo akakunja utepe wake. Kamis alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza hakuipata.

— Nimeuliza vibaya? — alisema Laker.

— Hapana, dada — alisema Acayo.

Akamsogezea nafasi. Laker akaketi, miguu mbele yake, viatu viking'aa, na Kamis akammiminia kikombe.